Tom Mboya: Mwana wa Rusinga Aliyezaliwa Mbali na Kisiwa

Kama umewahi kungoja matatu ya kwenda Eastlands, jina lake umelitamka mara elfu bila hata kumfikiria mwenyewe. Tukutane Tom Mboya. Magari yamejaa Tom Mboya. Simu imepotelea Tom Mboya. Barabara hiyo ya Nairobi zamani iliitwa Victoria, jina la malkia wa Uingereza, na wengi wanaoikanyaga kila siku hawajui kwamba mtu aliyechukua nafasi ya malkia aliuawa umbali wa kutembea tu kutoka hapo. Ukizunguka jengo la kumbukumbu za kitaifa uingie upande wa Moi Avenue, utakuta sanamu yake iliyozinduliwa mwaka wa 2011. Watu huketi hapo wakila njugu, wakingoja wenzao waliochelewa.

Sasa nikuulize. Huyu Mboya, kwao ni wapi?

Unalijua swali hilo. Uliulizwa ulipotafuta kazi, ulipotafuta nyumba ya kupanga, na ulipompeleka mpenzi wako kwa wazazi. Ukijibu Umoja au Kayole, unaambiwa hapana, kwenu kabisa kabisa. Kwa Mboya jibu la haraka ni Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria mbele ya mji wa Mbita, kaunti ya Homa Bay. Huko ndiko alikozikwa. Lakini hakuzaliwa huko, shule zake hazikuwa huko, na katika maisha yake yote ya siasa hakuwahi kusimama uchaguzi wa ubunge huko. Kila mara aliomba kura Nairobi, kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wa kabila lake, na kila mara walimpa.

Hata hiyo Rusinga yenyewe haina jibu jepesi. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao mababu zao walikuja na mitumbwi kutoka upande wa Uganda vizazi vingi vilivyopita. Walikaa Rusinga, Mfangano, Gwassi, na wengine wakafika hadi Muhuru, ambayo leo iko kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania. Wakaoana na Waluo, wakavua pamoja na kuuziana samaki sokoni, na polepole Kisuba kikameza maji. Ukienda Mfangano leo unaweza kuwasikia wazee wakikizungumza. Rusinga ilihamia Kijaluo mapema zaidi. Kwa hiyo mtu tunayemwita Mluo mashuhuri alitoka katika ukoo ambao kabla yake ulikuwa umeshabadilisha lugha. Wanasiasa hawapendi sana kukumbushwa mambo kama hayo.

Baba yake aliitwa Leonardus Ndiege. Wakati wa ukoloni, eneo zima ambalo leo ni Homa Bay na Migori lilitoa vijana wengi waliokwenda kutafuta vibarua mbali. Serikali ilitaka kodi, na kodi ililipwa kwa pesa taslimu. Samaki na mtama havikupokewa. Sasa kijana wa kisiwani angeitoa wapi shilingi? Wengine walikwenda kwenye mashamba ya majani chai, wengine bandarini Mombasa, wengine wakachimba dhahabu huko Macalder, Migori. Ndiege alikwenda karibu na Thika, kwenye shamba kubwa la mkonge la mlowezi aliyeitwa Sir William Northrup McMillan, chini ya mlima Kilima Mbogo. Alianza kwa kukata mkonge, mwishowe akawa nyapara.

Hapo ndipo Thomas Joseph Odhiambo Mboya alipozaliwa, tarehe 15 Agosti 1930. Mama yake alikuwa Marcella Awuor. Jina Odhiambo hupewa mtoto aliyezaliwa jua likishaanza kushuka.

Shambani walikuwa watu wa kila namna: Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, kila mtu amefuata mshahara. Watoto hucheza na yeyote aliye karibu, kwa hiyo Mboya alikua akisikia Kikamba, Kikikuyu, Kijaluo na Kiswahili, na Kiingereza akakikuta shuleni. Shika sana jambo hili, kwa sababu miaka thelathini baadaye ndilo litakalowashinda wapinzani wake. Wao walihitaji mkalimani kwenye mkutano wa hadhara. Mboya hakumhitaji.

Baba yake hakuwa amesoma, ila alikuwa Mkatoliki thabiti na alitaka mtoto asome. Mwaka wa 1939 akampeleka shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani, ambako vitabu na vibao vilikuwa haba na watoto walijifunza herufi kwa kuzichora mchangani. Mwaka wa 1942 akaenda St Mary's Yala, Nyanza, na hapo hatimaye akaishi kati ya watu wanaozungumza lugha ya wazazi wake. Kisha Mang'u, mwaka wa 1946. Alikuwa na akili darasani na mdomo mzuri kwenye mijadala. Lakini karo ikaisha. Wadogo zake nao walitakiwa kusoma, na mshahara wa nyapara una mwisho wake. Mboya akaacha shule kabla ya kufanya mtihani mkubwa wa Cambridge, ule uliofungua mlango wa Makerere.

Yaani mtu aliyekuja kuwapeleka mamia ya vijana vyuo vikuu, yeye mwenyewe karo ilimkatia njia.

Akatafuta kozi isiyolipiwa. Jeanes School, Kabete, ilikuwa ikifundisha wakaguzi wa afya, na wanafunzi walipewa posho. Alisoma huko kuanzia mwaka wa 1948, wenzake wakamchagua kiongozi wa baraza la wanafunzi, na baadaye akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua hoteli, masoko, mitaro na maziwa. Mkaguzi Mzungu alifanya kazi hiyo hiyo na kulipwa mara kadhaa zaidi.

Kuna kisa cha siku hizo ambacho Mboya mwenyewe alikieleza baadaye katika kitabu chake. Alikuwa peke yake kwenye maabara akipima maziwa. Mama mmoja wa Kizungu akaingia na chupa mkononi, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu yeyote. Mboya alikuwa amesimama pale pale mbele yake. Akamuuliza kwa utaratibu kama macho yake yalikuwa na tatizo. Unaweza kukisia jinsi yule mama alivyowaka. Huenda ukakiona kisa hiki kidogo, lakini jaribu kuwa hewa ndani ya ofisi unayofanyia kazi, halafu uniambie.

Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Mboya, akiwa na miaka 22, badala ya kujificha akajiunga na chama chao cha KAU, na viongozi walivyozidi kufungwa akapewa kazi ya kukaimu mweka hazina. Kaimu mwenyekiti alikuwa Walter Odede. Kumbuka jina hilo. Odede naye akakamatwa mapema mwaka wa 1953 na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi, na KAU ikapigwa marufuku mwaka huo huo.

Siasa za Waafrika zikawa zimefungwa kote nchini. Kilichobaki wazi ni vyama vya wafanyakazi, na Mboya akaingia hapo kwa nguvu zote. Alianzisha chama cha wafanyakazi wa mabaraza, akalazimika kuacha kazi jijini, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na miaka 23. Wewe ukiwa na umri huo labda bado unangojea kupigiwa simu ya kazi, na sikucheki, nyakati ni tofauti.

Aprili 1954 wanajeshi waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa kwenye malori na kupelekwa kambini, na kati yao walikuwamo viongozi wengi wa wafanyakazi. Mboya alibaki kwa sababu moja kubwa: jina lake lilikuwa la Kijaluo. Kabila lilimwokoa. Angeweza kunyamaza na kushukuru Mungu. Badala yake shirikisho lake likageuka kuwa sauti ya waliokamatwa, likipeleka malalamiko hadi kwa wafanyakazi wa Uingereza na nchi nyingine ili dunia ijue kinachoendelea. Nadhani hapo ndipo watu wa Nairobi, hasa Wakikuyu, walipoanza kumwona kama mtu wao.

Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Meli zikakwama, na serikali ikawa tayari kutumia nguvu. Mboya akashuka Mombasa, akawaomba wafanyakazi warudi kazini ili madai yao yasikilizwe na mahakama ya upatanishi, kisha akayatetea mwenyewe, hesabu mkononi. Wakapata nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara. Siku hizo Mwafrika aliyejua kupiga kelele hakuwa adimu. Aliyejua kusoma hesabu za mwajiri na kumshinda mezani ndiye aliyekuwa adimu.

Baada ya hapo alikwenda kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, kisha akapitia Marekani, akapata marafiki ambao watatufaa baadaye katika hadithi hii. Aliporudi, mwaka wa 1957, Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Nafasi zilikuwa nane nchi nzima. Mboya akachukua ile ya Nairobi kwa kura chache, akimshinda Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, naye Mluo kutoka Gem. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra, nchini kwa Kwame Nkrumah. Patrice Lumumba wa Kongo alikuwa mmoja wa wajumbe waliokaa chini wakimsikiliza.

Sasa tuje kwenye zile ndege. Nataka tukae hapa kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 uhuru ulikuwa unanukia. Mboya akapiga hesabu: Wazungu wakiondoka, nani ataendesha wizara, hospitali, reli? Makerere ilichukua wanafunzi wachache sana. Uingereza iliwapa nafasi wachache zaidi, na maafisa wake hawakuwa na haraka. Huku nyuma, vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea Wakenya na kuwalipia masomo. Kikwazo kilikuwa nauli. Kijana ana barua ya chuo mkononi na hana njia ya kuvuka bahari. Hilo nalo unalijua.

Mwaka wa 1959 Mboya alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia, chuo baada ya chuo, kanisa baada ya kanisa, siku nyingine mara kadhaa kwa siku. Rafiki yake mfanyabiashara, William Scheinman, akasaidia kuunda taasisi ya kukusanya pesa. Mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji besiboli Jackie Robinson wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Huku nyumbani, vijiji vikafanya karamu za chai. Watu wakauza kuku na mbuzi, mama wa sokoni wakatoa senti. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata walioomba walikuwa wengi zaidi, na pesa hazikutosha. Serikali ya Marekani ikakataa kutoa nauli. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona seneta mmoja aliyekuwa akigombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port kando ya bahari. Seneta huyo alikuwa John F. Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Mmoja wa waliosafiri mwaka huo alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyepelekwa Kansas, ambaye wewe unamjua kwa jina la Wangari Maathai. Hadi mwaka wa 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa kwa mpango huo.

Na Barack Obama, yule baba? Wengi husema alipanda ndege ya Mboya. Hakupanda. Alisafiri peke yake kwenda Hawaii mwaka wa 1959, ila alikuwa rafiki wa Mboya, na watu wa mpango ule walimsaidia. Alizaliwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, hapo hapo Homa Bay. Jina lake litarudi kabla hatujamaliza.

Machi 1960 sura ya Mboya ikawa kwenye jalada la jarida la Time la Marekani. Mwaka huo huo KANU ikaundwa, naye akawa katibu mkuu wake. Februari 1961 ukaja uchaguzi uliokuwa mtihani wenyewe. Mboya alisimama Nairobi Mashariki, eneo ambalo sehemu kubwa ya wapiga kura walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Dkt Munyua Waiyaki, daktari Mkikuyu wa ukoo wenye jina kubwa. Wakubwa kadhaa wa chama chake mwenyewe walitaka ashindwe. Kama kura ingekuwa ya kabila, alikuwa amekwisha asubuhi. Mboya akapata zaidi ya kura 31,000. Mpinzani wake hakufika hata 3,000.

Soma tena takwimu hizo, halafu ukumbuke chaguzi ulizoziona wewe mwenyewe.

Januari 1962 alimwoa Pamela Odede. Ndiyo, binti wa yule Walter Odede. Mwaka huo akawa Waziri wa Kazi na kuwaleta mezani waajiri, wafanyakazi na serikali wakatia sahihi mkataba wa namna ya kutatua migogoro ya kazi. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, kisha Waziri wa Mipango ya Uchumi. Mwaka wa 1965 wizara yake ilitoa Sessional Paper Nambari 10, waraka ulioeleza Kenya itafuata uchumi wa namna gani.

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu kumsifu marehemu ni rahisi. Waraka ule ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka, penye mvua, barabara na ardhi nzuri, halafu faida isaidie kwingine. Kwenye karatasi inaingia akilini. Lakini ukipita sehemu kavu za Nyatike au ukienda Turkana, utaona kwamba hiyo zamu ya pili ilichelewa mno. Obama baba, mchumi aliyesomea Harvard, aliukosoa waraka huo mwaka huo huo kwenye jarida la East Africa. Wakabaki marafiki. Na tulipopitisha katiba ya mwaka wa 2010 na kugawa pesa kwa kaunti, Migori na Homa Bay zikiwamo, kwa sehemu fulani tulikuwa tunarekebisha hesabu ile.

Kuna doa jingine. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa makamu wa rais na baba wa siasa za Nyanza, na yeye na Mboya hawakuiva chungu kimoja. Odinga alielekea Mashariki kwa Wasovieti na Wachina, Mboya akaelekea Magharibi kwa Wamarekani, na juu ya hayo kila mmoja alikuwa na wivu wake. Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, cheo cha Odinga chamani kikakatwa vipande vinane, kila mkoa na makamu wake. Fundi wa mpango huo alikuwa Mboya. Odinga akatoka na kuunda chama cha KPU. Nyanza ikamchukia Mboya. Kuna watu wa kwao waliomwita msaliti, na hawakusema kwa kunong'ona.

Kazi aliyowafanyia wakubwa wa Nairobi ilimwachia yeye mwenyewe nafasi ndogo. Odinga alipoondoka, wale waliomzunguka Kenyatta walitazama huku na huku kuona ni nani mwingine anaweza kurithi kiti mzee akiondoka. Wakamwona Mboya, kijana, mchapa kazi, anayejulikana dunia nzima na asiyehitaji kura za kabila moja. Marafiki wakamtahadharisha. Mwaka wa 1969 ulikuwa wa uchaguzi.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alikuwa amerudi tu kutoka mkutanoni Addis Ababa. Karibu saa saba mchana aliingia duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa bila walinzi. Alipotoka mlangoni alipigwa risasi mbili, akakimbizwa Nairobi Hospital, na huko ikathibitishwa kwamba amekufa. Alikuwa na miaka 38. Obama baba alikuwa amekutana naye mjini muda mfupi kabla ya hapo, na baadaye akatoa ushahidi mahakamani.

Aliyeshtakiwa ni Nahashon Isaac Njenga Njoroge. Alihukumiwa kifo na serikali ikatangaza kwamba amenyongwa Novemba mwaka huo. Inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliwauliza polisi kwa nini wanamwandama yeye badala ya kumtafuta mkubwa. Mkubwa yupi? Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kumtuma.

Waliomwita msaliti Ijumaa, Jumamosi jioni walikuwa wakimlilia. Kwenye misa ya wafu katika kanisa la Holy Family, Nairobi, umati uliurushia mawe msafara wa Kenyatta na polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi. Mboya ambaye Nairobi nzima ilimpigia kura akawa ghafla maiti ya Waluo, na mauaji yake yakawa jambo la Wakikuyu na Waluo. Nadhani hiyo ndiyo hasara ambayo risasi zile zilileta kuliko nyingine zote. Oktoba mwaka huo huo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, watu wakazomea, askari wakafyatua risasi na wananchi wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Kura ya kama ile ya 1961, ambapo mtu wa kabila dogo mtaani anamshinda mwenyeji kwa zaidi ya kumi kwa moja, ikawa hadithi ya wazee.

Mwili wake ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, umati ukiwa umejipanga njiani, ukashuka Homa Bay, ukafika Mbita na kuvushwa maji hadi kisiwani.

Leo huhitaji boti. Kutoka Homa Bay unapanda gari hadi Mbita, unavuka daraja, na boda inakufikisha Kasawanga. Kaburi lake liko ndani ya jumba lililojengwa kwa umbo la risasi. Umbo hilo kidogo linaogofya, lakini hakuna anayeweza kusema hakuelewa. Ndani kuna picha: Mboya na Kennedy, Mboya na Kenyatta, Mboya kwenye jukwaa mkono ukiwa juu. Ng'ombe hulisha karibu na hapo, na ziwa liko pale chini. Ukiwa na muda, ulizia pia mahali ambapo Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi Rusinga miaka milioni 18 hivi iliyopita, kabla ya Abasuba, kabla ya Waluo, kabla ya mtu yeyote kumuuliza mwenzake kwao ni wapi.

Kule mjini Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina lake. Wanaosoma huko hutoka pande zote za Kenya, na wengi wao karo bado inawasumbua.